Anselme Fayolle na Kilio cha Mama Clotilde

Marehemu Anselme Fayolle alizaliwa tarehe 9 Novemba 1936 hapa Thiers, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya visu kando ya mto Durolle. Alikuwa kifungua mimba wa mzee Firmin Fayolle, mnoaji visu, na Bi. Clotilde. Miaka minne baadaye alizaliwa dada yake, Mauricette, ambaye tuko naye leo.

Alisoma shule ya mtaani akapata cheti mwaka 1950. Darasani hakuvuma, ila alijua kuiga sauti. Asubuhi moja ya baridi, wanoaji wakiwa kazini, wamelala kifudifudi juu ya mbao zao mbele ya mawe ya kunolea kama ilivyokuwa desturi yao, kila mmoja na mbwa wake amemlalia miguuni kumpa joto, sauti ya tajiri wao ilifoka kutoka mlangoni. Wote wakakurupuka, mbwa wakabweka. Kumbe ni Anselme. Baba yake alimzaba kofi, kisha akageukia ukutani ili asionekane akicheka.

"Huyu ama atakufa njaa ama atakuwa mtu mkubwa," alimwambia mkewe. "Ila kisu hanoi."

Mwaka 1955 alikwenda Paris. Alikuwa akiosha vyombo hotelini na kusoma uigizaji jioni. Katika filamu yake ya kwanza alicheza maiti. Mama Clotilde alipanda basi hadi Clermont kwenda kuitazama, na aliporudi alimwandikia maneno machache tu: "Umekufa vizuri, mwanangu. Mguu ndio ulitikisika." Baada ya hapo alipewa nafasi za majambazi, za wapenzi, na moja ya padri, na ilipofika 1964 uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye kuta za miji yote ya Ufaransa.

Filamu yake ya kwanza kuiongoza mwenyewe ilimhusu mjane wa mnoaji visu, na aliirekodi huku kwetu mwanzoni mwa 1966. Mwigizaji aliyecheza mjane alikuwa hodari, lakini kila alipolia, Anselme alitikisa kichwa. Kazi ikiwa bado inaendelea, tarehe 17 Februari, mzee Firmin alifariki. Vumbi la mawe ya kunolea lilikuwa limemaliza mapafu yake.

Alizikwa hapa hapa, kwenye makaburi ya Saint-Jean. Siku ile Anselme alimficha mpiga picha wake, Raoul Bessège, nyuma ya dirisha la nyumba inayotazamana na makaburi. Raoul hakutaka. "Bosi, yule ni mama yako," alisema. Anselme akamjibu, "Najua ni nani. Wewe washa mashine." Jeneza liliposhushwa, Mama Clotilde alilia kwa namna ambayo hakuna mwigizaji angeweza kuifanya. Anselme alikuwa amemshika mabega.

Aliyeihariri filamu ile alikuwa Solange Ribeyre, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Alipofika kwenye kile kilio alisimamisha mashine.

"Mwanamke huyu ni nani?"

"Mwigizaji mmoja wa kule nyumbani."

"Sijawahi kumwona. Ana jina?"

"Hataki jina lake litajwe," akasema Anselme.

Filamu ilipata tuzo kubwa Italia. Mwezi Oktoba ilionyeshwa hapa Thiers, na Mama Clotilde aliketi mstari wa mbele akiwa amevaa koti lake la kanisani, Mauricette pembeni yake. Kilio kilipofika ukumbi wote ulimtambua. Watu waligeuka kumtazama. Hakuinuka. Alikaa mpaka taa zikawashwa, akatoka taratibu, akamkuta mwanawe ngazini akipongezwa na meya. Mauricette alimvuta mkono akimwambia, "Twende zetu, mama." Akakataa.

"Ulinipiga picha wapi, Anselme?"

"Kutoka dirishani, mama. Ile nyumba ya mbele."

"Ndiyo maana ulikuwa unanigeuzageuza," alisema. "Mimi nikadhani unanikinga na upepo."

Jumapili iliyofuata alimpikia mkate wa viazi na krimu kama kawaida, akamuuliza kama Paris analala vizuri. Anselme aliwaambia watu wake wa karibu kwamba angetukanwa ingekuwa nafuu. Sahani ile ilimshinda. Tuzo aliitia kwenye sanduku la makaa, na kwa miaka mingi mtu akiisifu filamu ile mbele yake aliinuka akaenda kuvuta sigara nje.

Alifunga ndoa na Solange tarehe 6 Juni 1969. Kabla ya harusi alimweleza ukweli. Solange alisema, "Ungeniambia ni mama yako, ningekikata kipande kile." Naye akajibu, "Ndiyo maana sikukuambia." Solange aliahirisha harusi mwaka mzima, kisha akaja. Walijaliwa mtoto mmoja, Delphine.

Aliongoza filamu nyingine kumi na moja. Waigizaji walimcheka kwa jinsi alivyokuwa akiomba ruhusa kwa kila jambo, hata kwa kumsogeza mtu kiti. Lakini filamu ile ya kwanza ilikuwa mali ya mtayarishaji, na Anselme hakuwa na uwezo wa kuigusa. Mwaka 1989 mtayarishaji alifariki na filamu ikaingia mikononi mwa Anselme. Wiki hiyo hiyo, yeye na Solange walikiondoa kile kilio. Akaja mbio Thiers kumpasha mama yake habari, akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mama Clotilde, aliyekuwa na miaka themanini, alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama.

"Umeniondoa?"

"Nimekuondoa, mama. Hakuna atakayekuona tena."

"Na baba yako je? Pale ndipo anaposhushwa. Mimi siku ile sikuona kitu, macho yalijaa machozi. Nilimwona kule ukumbini." Akaendelea kumenya. "Halafu hata mara hii hukuniuliza."

Anselme aliketi. Akasema, "Basi leo nakuuliza. Unataka nifanye nini?"

"Nirudishe. Na uandike jina langu, nisiwe kama mtu aliyeokotwa njiani."

Alikirudisha kile kilio. Jina la Clotilde Fayolle likaandikwa mwishoni mwa filamu, juu ya jina la mwongozaji. Mama yake alifariki mwaka 1994. Hata hivyo Anselme hakuwahi kusema kwamba amesamehewa. Alisema kwamba hilo alisahau kuliuliza.

Mwaka 2009 alianza kutetemeka mikono, kisha ulimi ukawa mzito. Solange alimuuguza nyumbani kwao Montreuil. Majira haya ya baridi, Anselme alipoona siku zake zinakaribia kwisha, alimpigia Mauricette simu. Alitaka kujua kama anaweza kuzikwa pamoja na wazazi wao.

"Mbona unaniuliza mimi?" Mauricette alisema. "Wewe ndiye mkubwa."

"Nauliza tu. Ukikataa, nitabaki huku."

Mauricette alikata simu. Siku chache baadaye alipiga yeye. "Njoo, kaka. Ila utalala miguuni kwa mama, usijifanye mgeni wa heshima." Solange anasema Anselme alicheka mpaka akapaliwa. Alifariki tarehe 3 Machi 2014, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake.

Marehemu ameacha mjane, Solange. Binti, Delphine, na mumewe Yannick. Wajukuu wawili, Loïc na Maëlle. Na dada yake, Mauricette. Mzee Raoul Bessège hakuweza kusafiri, anaomba radhi.

Kaburi limechimbwa kama Mauricette alivyoagiza. Anselme, lala salama mahali ulipopewa.