Binti Aliyeposwa na Lambo

Sogeeni, Edson na Asteria. Niinueni kwanza, maana nikilala chali mawazo yanakimbia kama ng'ombe waliofunguliwa. Nigeuzeni nione mlango. Hivyo.

Shamba la Tinde haliuzwi. Asteria ndiye anayelilima, na ataendelea kulilima. Nyumba hii ya Ngokolo ni yako, Edson, ukichoka na maduara ya Geita, mashimo hayo ya dhahabu, uwe na pa kurudi, ila chumba cha uani ni cha dada yako mpaka atakapotaka kutoka mwenyewe. Msiitikie kwa vichwa, semeni. Haya. Tangu tumzike baba yenu hamsalimiani kwa ajili ya shamba hilo, na mimi nimechoka kupeleka maneno yenu huku na huku.

Lakini linalonikosesha usingizi si shamba, ni hadithi. Juzi Aneth wa Asteria alimwomba mjomba wake amsimulie ya binti aliyeposwa na lambo. Edson, ulianza vizuri, ukafika pale maji ya bwawa yanapomwita binti kwa jina, ukakwama.

"Halafu, mjomba?"

"Halafu akalala."

"Aliyelala ni wewe!" Mtoto akakucheka, akamkimbilia mama yake. Naye Asteria anajua mahari ilivyolipwa kwa mvua na binti alivyorudi kwao, lakini kwa nini alikwenda lamboni, hajui.

Nikageuka huku na huku kitandani mpaka nikaelewa. Kila jioni nilipoanza hadithi, Edson ulikuwa miguuni pangu umeshiba ugali, na Asteria yuko uani anasugua masufuria, kwa kuwa kwetu msichana ni vyombo kwanza. Akiingia yeye, wewe unakoroma. Ndiyo maana mmoja ana vichwa na mwingine ana mikia. Nilizipenda hadithi kuliko usingizi. Mikono imevimba kwa kuponda mawe ya dhahabu kutwa nzima, bado nilisimulia mpaka mafuta ya taa yanakwisha. Sasa aliye nazo nzima ni mimi peke yangu, na mimi ndiye ninayeondoka.

Kwa hiyo shikeni agizo hili. Mkishanizika, msigawane hata kikombe kabla hamjakaa wawili mbele ya watoto mkazisimulia zote, Edson aanze, Asteria amalize. Mkinuniana, hadithi itabaki nusu, na watoto watajua ni kwa nini.

Nipeni maji. Kidogo tu... inatosha.

Najua wazee walikataza kusimulia mchana, eti ng'ombe watapotea. Ng'ombe wenyewe tulishauza. Siwezi kungoja jioni. Nataka kusikia mkiiunganisha hiyo ya lambo, nikiwa bado naweza kuwasahihisha.

Mungu awalinde, chini ya ardhi na juu yake. Awape... awape watoto wasiolala mapema.

Haya, Edson, ng'wana wane, mwanangu, anza. Polepole... nikufuate.

Asteria, unakwenda wapi? Acha vyombo.

Kaa.