Fundo Nililolitambua

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Verena, mama yao, funga mlango, kwa sababu pumzi iliyobaki sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Amosi, shamba la mahindi na ng'ombe ni vyako. Ruben, karakana ya hatamu ni yako, na vyombo vyake vyote. Ule ukanda wa ardhi niliogombania na akina Graber miaka kumi na tisa, warudishieni kabla ya kupanda. Nilijua tangu mwanzo kwamba kigingi cha mpaka kilisogezwa upande wao. Hayo ndiyo mepesi.

Zito ni la Jumapili. Kusanyiko letu litapiga kura ya kupata mhudumu mpya, wanaume watano wametajwa, na Ruben ni mmoja wao. Vitabu vitano vya nyimbo vitapangwa mezani, vimefungwa uzi, kimoja kina kikaratasi ndani, na atakayekikuta ndiye aliyechaguliwa na Mungu, atahubiri mpaka afe. Miaka arobaini na moja iliyopita nilikaa mimi kwenye benchi la waliotajwa, tukiwa wanne. Askofu alikuwa mjomba wangu Matheus, ambaye mashine ya kupura ilimkata dole gumba. Nilikuwa nimefanya kazi naye karakanani tangu ujana, na fundo lake nililijua kama ninavyoujua uso wa mama yenu: kitanzi kililala kushoto. Vitabu vitatu vitupu vilifungwa na shemasi. Chenye kikaratasi mjomba alikifunga mwenyewe, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyefikiri kwamba mkono usio na dole gumba unaacha alama.

Nilikuwa wa pili kuchukua. Kitanzi cha kushoto kilikuwa kwenye kitabu cha tatu. Nikakichukua.

Msiniambie nipumzike, nisikilizeni. Niliitaka kazi ile. Kwetu anayeitaka ndiye asiyefaa, hilo kila mtoto analijua. Nilipobatizwa niliahidi kuipokea kura ikiniangukia, sikuahidi kuifuata na kuikamata. Watu walinililia kwa huruma, kwa kuwa mzigo ni mkubwa, nami nikalia nao, na machozi yangu yalikuwa ya furaha. Nje, kwenye pampu ya maji, Joas Graber, ambaye zamu yake ilifuata yangu, akaniambia, "Tobias, umekiendea kile kitabu kama mtu anayenunua farasi aliyemkagua jana."

Nikamjibu, "Wivu huo, Joas."

Akacheka. "Haya, mhudumu. Utakuja kutuhubiria juu ya wivu."

Hakurudia tena. Ila kila Meza ya Bwana, mara mbili kwa mwaka, wanaume wanapooshana miguu wawili wawili, alikuja kwangu. Alipiga magoti, akaniosha, akanifuta, akaniangalia usoni. Miaka arobaini. Mara ya mwisho, mwaka huu, alisema, "Bado nakungoja, ndugu yangu." Wiki tatu baadaye tukamzika, na ibada niliiongoza mimi.

Nilijitetea, kwa kuwa Maandiko nayajua. Nilisema Mungu anayeiongoza kura ndiye anayeliongoza jicho. Nilisema yule mtume aliyechukua nafasi ya Yuda naye alipatikana kwa kura. Nilisema hivyo mpaka mwaka niliofanywa askofu, radi ilipolichoma ghala letu, majirani wakalijenga upya kwa siku moja, na kabla ya mavuno likaungua tena. Hapo nikarudi kwa wana wa Haruni, waliopeleka mbele za Mungu moto ambao hawakuagizwa, na kwa Kora. Kora hakuwa mpagani. Alikuwa Mlawi, mwenye kazi yake hemani, alichotaka ni kupanda hatua moja tu. Ardhi ikafunguka ikammeza, yeye na wa nyumbani mwake. Wa nyumbani mwake, wanangu. Nimewatazama ninyi mezani miaka yote hii nikilikumbuka neno hilo.

Watu watauliza kama ubatizo nilioutoa ni bure, na ndoa nilizofungisha. Waambieni si bure. Haruni alitengeneza ndama kwa mikono yake, na watu wakabaki watu wa agano, kwa kuwa agano halikukaa mikononi mwake. Kuhani wetu ni mmoja, aliwekwa kwa kiapo cha Mungu mwenyewe, na hakutoka hata katika kabila la makuhani. Sisi tunamshikia ndoo tu. Maji yanabaki yake hata kama ndoo imeshikwa na mwizi. Waliobatizwa wamebatizwa. Atakayeulizwa ni mwizi.

Ningekufa nalo, kama si jana. Shemasi alileta vitabu vinne vimeshafungwa, na cha tano, chenye kikaratasi, nilikifunga hapa kitandani. Ruben, ulisema, "Baba, mikono inakutetemeka, acha nikushikie uzi." Nikadhani ni huruma. Kisha nikakiona kidole chako kimekaa juu ya fundo, na macho yako hayapo kwangu. Nami niliyajua haya yote, na bado nikafunga kwa mkono wangu. Sijui kama nilisahau au nilitaka.

Maji, Verena. Kidogo tu.

Amosi, vuta sanduku la vile vitabu chini ya kitanda. Ruben, tazama ukutani. Vichanganye, Amosi, uvipange kwenye blanketi. Jumapili vitafungwa upya na askofu wa wilaya nyingine, kwa vimpira visivyo na fundo, si kwa uzi, na Ruben atachukua kile kitakachobaki. Kujitoa huwezi, mwanangu, uliahidi ulipobatizwa. Na kabla ya kura mtasimama wote wawili, mtawaambia watu niliyoyasema.

Sasa geuka, Ruben. Vifungue vyote. Anza na chochote.

Ruben.

Viko vitano, na mkono wako haukusita, umeliendea fundo langu. Mama yako ameona. Usiurudishe nyuma, acha hapo hapo.

Mikono yangu sitaiweka vichwani mwenu, sijui tena ni mikono ya nani. Lakini baraka ya baba haipigiwi kura, hiyo ninayo. Mungu awalinde. Asiwahesabie... yangu. Yaishie kwangu. Amosi, mshike ndugu yako.

Fungua, mwanangu. Fungua hilo fundo. Sioni vizuri... niambieni kama limefunguka.