Aliyewapigia Wazazi Wetu Simu: Marehemu Benedicta Nsimire (1969–2015)

Marehemu Benedicta Nsimire alizaliwa Uvira, Kongo, tarehe 14 Agosti 1969, mtoto wa kwanza kati ya sita. Mimi Élisabeth, mdogo wake wa mwisho, ndiye ninayesoma haya. Nimeombwa nisilie, na sina hakika kama nitaweza.

Alisoma shule ya msingi huko huko Uvira, akafika mwaka wa nne wa sekondari. Baba yetu alipofariki mwaka 1986, aliacha masomo akajifunza kushona ili sisi wadogo tusome. Hakuwahi kutusimanga kwa hilo, hata siku tulipomuudhi.

Tarehe 21 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yangu Pierre-Claver Byamungu, wakajaliwa watoto watatu. Vita viliwatoa nyumbani, wakafika Durban, Afrika Kusini, mwezi Februari 2003. Shemeji alipata kazi ya kulinda magari karibu na bandari. Dada alisuka nywele mjini, kisha akashona sare katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Jacobs hadi mwaka huu.

Mei 2008, wageni walipofukuzwa majumbani, tulilala sakafuni kanisani wiki tatu. Hapo ndipo jumuiya yetu ya Wakongo ilipozaliwa, na mwezi Julai Shemeji akachaguliwa prezidenti wa kwanza. Katiba iliandika kazi za prezidenti, za katibu na za mweka hazina. Mke wa prezidenti hakuandikwa popote.

Mwezi Septemba mwenzetu Pontien, msaidizi wa dereva wa lori, alianguka bandarini akafa. Mama yake alipata habari kwa meseji iliyotoka kwa mtu asiyemjua, akiwa sokoni anauza mihogo. Dada aliposikia hivyo hakula siku nzima. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya komite, wanaume watupu, akasema kwamba kuanzia leo habari ya kifo itapelekwa na mke wa prezidenti, kwa sauti yake, kabla udongo haujaingia kaburini. Wakamwambia hakuchaguliwa na mtu. Akajibu, "Ndiyo maana wazazi wataniamini. Sitafuti kura yao."

Asipige ndugu wa damu, alisema, kwa sababu ndugu atalia na mzazi atasikia kilio tu. Kabla ya kupiga alinawa uso, akavaa kitenge kizuri na viatu, akaketi. Kwanza aliuliza mzazi amekaa na nani, akaomba jirani aitwe. Siku moja Shemeji alimtania, "Kwani ule mutu anakuona?" Naye akamwambia, "Miye najiona." Mzee mmoja wa Fizi, baada ya kuambiwa kwamba mwanawe hayupo tena, alimuuliza kama yeye mwenyewe amekula. Dada alikuwa akitusimulia hiyo huku akicheka na kufuta machozi.

Mwaka 2013 Mzee Josias alimshinda Shemeji kwenye uchaguzi. Dada alimwendea mke wake, Mama Ruphin, kumkabidhi kazi. Mama Ruphin alipokea kutembelea waliojifungua hospitalini, akapokea kusema kwenye mkutano mkuu, na amefanya vizuri, lazima niseme. Simu alizikataa. "Miye niliolewa na Josias," alisema, "sikuolewa na maiti yenu." Basi Dada aliendelea kupiga yeye, kimya kimya, na sisi sote tukaona ni sawa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejifunza kwake.

Aprili mwaka huu tulifukuzwa tena. Dada alilala kwenye hema la wakimbizi siku kumi na tisa, chini pakiwa pamelowa, akaanza kukohoa. Tulidhani ni mafua. Alilazwa tarehe 20 Mei, mapafu yamejaa maji, akafariki Jumapili tarehe 31 Mei 2015, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu.

Tangu siku hiyo tumetafuta mtu wa kumpigia mama yetu simu Uvira. Mama Ruphin amesema hawezi. Wengine wote tuliowaomba wametujibu jibu moja, kwamba hiyo ni kazi ya mke wa prezidenti. Yaani aliijenga vizuri mno, Dada yangu. Aliyeijenga ndiye amekosa wa kumfanyia.

Jumatano Mama alipiga mwenyewe. Nilimwambia Dada amelala. Mungu anisamehe, sikupata neno lingine. Mama akasema, "Basi umuache alale. Akiamuka umwambie samaki yake ya ndagala iko tayari, nimepata mutu wa kumuletea."

Marehemu ameacha mume, Pierre-Claver, watoto watatu, Sébastien, Deborah na Peguy, mjukuu mmoja, wadogo zake watano, na mama yetu mzazi, Bibi Feza, mwenye umri wa miaka themanini na moja, ambaye mpaka karatasi hii inachapishwa hajui kitu.

Pumzika, Dada, upumzike kwa amani kama utaweza. Nimenawa uso. Nimevaa viatu vyako. Nawaomba wenye koleo wasubiri kidogo, nipige.