Tusekile Mwakalobo na Uji wa Wifi Yake

Tunaomba utulivu, hasa ninyi mliosimama kule kwenye turubai la jikoni, maana maneno ya huko tumeyasikia tangu juzi. Dada yetu Tusekile Asajile Mwakalobo alizaliwa Lupepo tarehe 14 Aprili 1973, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Asajile na Mama Atupele, ambaye tunaye hapa mbele.

Alimaliza shule ya msingi hapohapo Lupepo mwaka 1987, akaendelea na sekondari mjini Mbeya. Ada ilitoka kwenye mahindi. Mama Atupele aliyachambua: yaliyong'aa yakapelekwa sokoni Tukuyu, yenye ukungu yakabaki nyumbani kwa ugali na kande. Kila nyumba ilifanya hivyo. Tusekile alikula akashiba, akasoma mpaka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, akahitimu sayansi ya chakula mwaka 1998.

Kwa miaka ishirini na mitano alipima vyakula katika maabara moja Mbeya. Alichokuwa akikiwinda ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Alizunguka Suma na Kawetele akirudia yale ambayo watafiti wameyathibitisha: kuchemsha hakuiondoi, anayeila kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini, na hatari huzidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini. Ndiye aliyetuletea ile mifuko isiyopitisha hewa, akigomba kama mama mkwe: "Kausheni kwanza! Mfuko si jua!"

Tarehe 8 Septemba 2001 alifunga ndoa na Mwalimu Erasto wa hapa Kawetele, wakajaliwa Doreen na Anania. Alipatana sana na wifi yake, Esnath, dada wa Mwalimu, mpaka mwaka 2019 alipopima unga wa lishe ambao Esnath aliuuza sokoni, akakuta sumukuvu kwenye karanga zake. Hakumwonea haya. Unga ukateketezwa, na Esnath akamwambia mbele za watu, "Umeniua, wifi. Na wewe utaona." Maneno hayo mnayakumbuka wote. Msilolikumbuka ni kwamba mwaka uliofuata Esnath alirudi sokoni na karanga safi, na mteja wake wa kwanza alikuwa Tusekile.

Novemba 2024 maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia. Tarehe 5 Desemba picha ya hospitali ikaonyesha saratani ya ini, na daktari akasema uvimbe ule ulikuwa wa muda mrefu. Esnath alihamia kumuuguza mwezi Januari. Sikilizeni vizuri: ugonjwa Desemba, uji Januari. Alimkorogea asubuhi na jioni, na Tusekile akamtania, "Leo nakunywa bila kupima, wifi," akacheka mpaka ubavu ukamuuma. Alituaga hapa nyumbani tarehe 3 Machi 2025, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Esnath.

Jana baadhi ya wazee wa ukoo walisema Esnath ndiye aliyemlisha sumu. Walitaka aondoke msibani na jina lake lifutwe kwenye wasifu huu kabla haujachapishwa. Aliyewapinga ni Mama Atupele.

Mama alikuwa amemuuliza binti yake kitandani ugonjwa ule umetoka wapi, na Tusekile hakumficha. "Mama, hakuna anayeweza kusema ni mlo gani. Lakini yale mahindi yenye ukungu huenda yamechangia. Hukujua. Hakuna aliyejua."

Jana Mama alituambia hivyohivyo, amesimama, bila kushikwa mkono. "Andikeni yote. Mwanangu nilimlisha mimi, kwa mikono hii, nikidhani namtunza. Esnath asibebe mzigo wa ghala langu."

Iliuma kumsikia mzazi akisema hivyo, na inauma zaidi kuyasoma haya akiwa ameketi hapa. Lakini ameagiza, na tumetii.

Tusekile ameacha mama, mume, watoto wawili, ndugu wanne, na wifi yake Esnath, ambaye ataweka udongo kaburini akiwa ameshikana mikono na Mama Atupele. Asiyetaka kusimama karibu na mmoja, asimame mbali na wote wawili.

Pumzika kwa amani, Tusekile. Uji wa wifi yako ulikuwa safi.