Maestro Amaro Lestón na Mvua Isiyoombwa

Tarehe 31 Agosti, baada ya miaka thelathini na minne ya kuiongoza Bendi ya Vilarmeán, mji wetu mdogo wa Galisia, Maestro Amaro Lestón anastaafu. Wakubwa wa bendi wamenipa mimi kazi ya kumwandika, nadhani kwa sababu kusema mbele za watu siwezi. Nakiri: hata kumsalimia ilinichukua msimu mzima, na siku niliyothubutu nilimwambia "kwaheri" badala ya "habari za jioni". Akaitikia, "Kwaheri, mwanangu, ila mazoezi ndiyo kwanza yanaanza."

Ni mtoto wa msaga nafaka wa kinu cha maji kule juu mtoni. Alisoma muziki Santiago, kisha Madrid, akarudi kwa kiangazi kimoja tu kumsaidia baba yake. Kiangazi hicho hakijaisha hadi leo. Ametunga misa, nyimbo za kwaya, vipande vya zumari za mfuko, na ile kazi kubwa yenye king'ora cha kiwanda cha dagaa. Siku ya mazoezi king'ora kilipolia, akina mama wa zamu walivua aproni wakaenda kula, meneja akabaki peke yake na dagaa zake. Maestro alisema hajapata kuona muziki ukigusa watu namna ile.

Yeye huhesabu kwa Kigalisia na kugomba kwa Kihispania. Akihama tu kutoka lugha moja kwenda nyingine, wapiga tarumbeta huinamisha vichwa kabla hawajajua kosa ni la nani.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa haijawahi kupigwa. Inaitwa "Juu ya Bati". Aliitunga baada ya kunaswa na mvua chini ya paa la bati la kibanda cha muziki pale uwanjani. Chini ya kila ukurasa, chini kabisa ya tuba na ngoma, kuna mstari usio na nota hata moja, ulioandikwa tu "mvua". Kila sikukuu ya Mtakatifu Roko aliiweka mwisho wa programu, na kila sikukuu jua liliwaka. Sababu tunaijua sote: akina mama huwapelekea masista wa Santa Clara mayai ili wawaombee sikukuu isilowe, na mayai ya Vilarmeán hayajawahi kushindwa.

Wazima moto walijitolea kumwagia paa maji kwa mpira. "Hiyo ni mvua ya manispaa," Maestro aliwaambia. "Mimi naitaka ile inayokuja bila kuombwa. Isipokuja, sipigi. Siwapi watu wimbo uliokatwa mguu."

Sikukuu ya mwaka huu ilikuwa yake ya mwisho. Septemba anakuja kiongozi mwingine, na "Juu ya Bati" ingebaki kabatini daima. Moncho, mwenyekiti wetu anayepiga tuba, akamwendea dona Erundina, kiongozi wa akina mama wanaoimba na matari, ambaye ndiye hubeba kikapu cha mayai.

"Mwaka huu mmoja tu, dona Erundina, msipeleke."

"Wee Moncho! Wauza pweza wakilowa, utakula wewe masufuria yote yale?"

"Ni kwa ajili ya Maestro."

"Maestro nampenda. Mtakatifu namwogopa. Tena mwambie mkeo alete mayai yake, mwaka jana alileta madogo kama karanga!"

Mayai yakaenda. Tarehe kumi na sita, siku ya sikukuu, mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Tulimaliza wimbo wa mwisho wa gwaride. Maestro aliitazama "Juu ya Bati" mbele yake, akatazama mbinguni, akaanza kuifunga taratibu. Kazi hiyo huanza na klarineti yangu peke yake, na sikujua naomba aifunge au aiache wazi.

"Maestro! Usiguse karatasi hiyo!" Dona Erundina alikuwa amesimama mstari wa mbele, na wenzake wote nyuma yake.

"Hainyeshi, dona Erundina."

"Najua hainyeshi, mayai si nimepeleka mwenyewe! Basi aliyeizuia ndiye atakayeileta. Hesabu!"

Wakatoa mifukoni magamba ya chaza, yale wanayoyasugua wakiimba, wakaanza kuyasugua mgongo kwa mgongo. Kwanza zikasikika kama sauti za matone, huku na kule. Kisha manyunyu. Hakuna aliyewaomba. Maestro alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye chini ya paa, akainua fimbo, akahesabu kwa Kigalisia, nami nikapuliza. Jamani, nilipuliza! Mkono wake wa kushoto ulipopanda, magamba yakamwaga mvua kubwa, bati likaitikia juu yetu, na mzee mmoja uwanjani, naapa, alifungua mwavuli.

Ilipokwisha, Maestro alijifuta uso, akasema ni jasho. Akachukua penseli, akakata neno "mvua" katika ukurasa wa kwanza, na juu yake akaandika: "Erundina na wenzake."

Asante, Maestro, kwa kutungoja tujifunze kuhesabu. Pumzika, tunga, na Alhamisi upite mazoezini; nitakusalimia vizuri. Tunakutakia maisha mema, na mvua kila uitakapo. Habari ya mayai tutazungumza na dona Erundina.

Noela Barreiro, klarineti