Vidonge vya Kumwona Mgonjwa

Shikamoni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Mungu amenitendea, maana nimesimama hapa kwa miguu miwili, na mmoja nusura ubaki hospitali.

Mnakumbuka plau la ng'ombe liliponichana mguu tukilima kule Turwa. Ndugu zangu, mlikuja kuniona, na sisi hatuendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Huyu alileta vidonge vya rangi mbili vilivyobaki alipougua kifua, yule vidonge vya shemeji yake wa ng'ambo ya Sirari. Mama mkwe alivipokea vyote kwa shukrani. Vingine nikameza, vingine tukafungua, unga wake tukanyunyizia kidonda. Kikatulia kidogo, kisha kikarudi na usaha na harufu, hata mwanangu anayenyonya nikaogopa kumpakata.

Hospitali wakapima usaha. Daktari, kijana tu, akasema, "Kuna usugu wa vimelea dhidi ya viuavijasumu." Nikaitikia kwa kichwa, eti nimeelewa! Moyoni nasema, mwili wangu umechoka dawa, acha niupumzishe. Dawa mpya nikaikataa. Homa ikapanda, daktari akaanza kutaja kukata mguu. Nawaambia, nililia.

Mama mkwe akamshika daktari mkono. "Mura, mwanangu, hayo ya shule weka kando. Niambie kama unavyomwambia mama yako."

Kijana akavuta kiti. "Mama, mwili wake hauna kosa. Kwenye kidonda kuna wadudu wadogo, hawaonekani kwa macho. Hao ndio dawa haiwaui tena. Mkimpa vidonge vya kubahatisha, wanyonge wanakufa, wagumu wanabaki na kuzaana. Na wanaweza kumhamia mtoto."

Mama akanigeukia. "Dawa yake utaitumia yote, mpaka aseme yeye."

Nilipona polepole. Vidole viwili vya mguu sinavyo tena. Namshukuru daktari kwa kukubali kuulizwa, na mama mkwe kwa kuuliza. Nanyi pia, maana vidonge mlivileta kwa upendo, ndiyo maana inaniuma kulisema hili.

Tukitoka hapa tunakwenda Nyamisangura kumwona mwenzetu anayeumwa kifua. Najua kwenye pochi humu ndani kuna vidonge. Nawaomba sana, visifike kitandani kwake. Mimi nimebeba uji wa wimbi. Tumpeleke hospitali, na daktari akisema maneno magumu, mmoja wetu amshike mkono.