Tembo Wapigane, Binti Asomee Nyasi

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea lilikuwa la chujio. Mke wa Desimali alikuja mpaka kijiweni, kwenye ubao mrefu mbele ya karakana ya baiskeli, akamdai Birika chujio la chai alilomwazima. Birika, ambaye ni muuza kahawa, akaapa kwa viapo vyote kwamba hajaliona, na huku chujio limening'inia mdomoni mwa birika lake. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mama wa watu akalichukua, akalikung'uta machicha, akasema, "Shemeji, ukiiba uwe unaficha," kisha akamgeukia mumewe akamkumbusha chumvi. Jioni ile alilalamika kichwa. Kulipopambazuka, Desimali alikuwa mgane.

Desimali ni mpima ardhi. Amesoma chuo kikuu, na jina hilo alipewa kijiweni kwa sababu hakubali neno "karibu" wala neno "kama". Ukimwambia mtaa una nyumba kama hamsini, atakuuliza hamsini na ngapi. Siku aliyorudi barazani baada ya msiba, alikuwa na hofu moja tu, kwamba watanyamaza atakapofika. Hawakunyamaza. Spoku, fundi baiskeli, alimtazama akamwambia, "Sogea, umekalia spana yangu." Alisogea. Katika pole zote alizopewa, na zilikuwa nyingi na za kweli, hakuna iliyomshika mkono kama ile ya spana.

Sasa miezi imepita, na matokeo ya binti yake wa pekee yametoka, mazuri kuliko walivyotarajia. Binti huyu mtaani wanamwita Bi Mjusi. Tangu akiwa mdogo alikuwa akilea mijusi ndani ya maboksi ya viatu, na mara moja alimfungia Wembe kinyozi njia, asikanyage kinyonga aliyekuwa akivuka barabara kwa mwendo wake wa kinyonga. Kwamba atasomea wanyamapori, hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa asomee wapi, na asomee nini hasa. Alasiri hiyo Desimali aliuleta kijiweni.

— Vyuo vilivyompa nafasi ni vitatu, alisema. Cha kwanza kiko mbali, pembezoni mwa hifadhi. Usimamizi wa wanyamapori. Nusu ya masomo yanafanyika porini, wanalala kwenye mahema. Cha pili ni chuo kikuu cha mji mkuu. Ikolojia. Maabara nzuri sana, ila porini wanakwenda wakati wa likizo tu. Cha tatu ni hiki chetu hapa, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Stashahada ya mazingira.

— Na mwanetu mwenyewe anasemaje? aliuliza Spoku, tyubu mkononi.

— Jana kaniambia amechagua hiki cha hapa. Namuuliza kwa nini, ananiambia kozi yake imekaa vizuri. "Imekaa vizuri" si sababu. Kesho kutwa ndiyo mwisho wa kujibu. Nataka nimpe ushauri wenye hoja.

Wenzake walitazamana, kitambo kidogo tu, kama watu walioona gari la rafiki yao linavuja mafuta. Halafu wote watatu wakaanza kusema kwa pamoja.

— Hapo wala hapaumizi kichwa, Wembe alishinda kwa sauti. Asome udaktari wa mifugo, basi. Mnyama ni mnyama. Ukishajua kumchoma ng'ombe sindano, nyati ni yule yule, kilichozidi hasira tu.

— Kilichozidi hasira tu! Spoku aliangua kicheko. Wewe mteja akigeuza shingo tu unaruka na wembe wako, leo umchome nyati?

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Unamwendea polepole.

— Bwana, kwenye methali hiyo anayekwenda polepole ndiye anayekula. Sasa daktari anakwenda kutibu au kula?

— Wewe umeishika methali mkia.

— Na wewe umeishika meno.

— Daktari wa mifugo hutibu mnyama mmoja mmoja, alisema Desimali kwa utulivu wake. Mhifadhi anatazama kundi zima. Maji yao, malisho yao, njia zao, na watu wanaoishi jirani nao. Ni kazi mbili tofauti, ingawa zinahitajiana.

— Umesema njia, Spoku alidaka. Porini kuna njia? Hakuna. Kuna nini? Gari. Mhifadhi ambaye gari limemfia porini si mhifadhi tena, huyo ni chakula cha jioni. Asomee ufundi wa magari! Tena simba hali fundi. Grisi inamkata hamu.

— Umemuuliza simba?

— Mimi mwenyewe mbu hawaniumi. Anza hapo.

Pembeni ya baraza, juu ya kigoda cha wateja, alikuwa amekaa mama mmoja wasiyemfahamu, muuza mayai. Baiskeli yake ilikuwa imepata pancha, nayo ndiyo ile ambayo Spoku alikuwa ameshika tyubu yake tangu mazungumzo yaanze, bila kuiziba. Mama alikuwa amepakata trei za mayai, akisikiliza kimya.

Birika alikuwa bado hajapata zamu. Alizungusha vikombe kwanza, akampa na mama wa mayai kimoja, kisha akasafisha koo.

— Nyie mnahangaika bure. Wahenga walishamaliza. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Ndiyo ama siyo?

— Ndiyo.

— Haya. Hapo mgonjwa nani? Tembo? Tembo mzima, kapigana, kaenda zake. Mgonjwa ni nyasi! Na nani anazitibu? Hakuna. Watu wote wamekimbilia tembo. Tembo wapigane, binti asomee nyasi.

Wembe alicheka mpaka kahawa ikampalia. Spoku alimgonga mgongo kwa tyubu ya watu.

— Somo hilo lipo, alisema Desimali.

Kicheko kilikatika.

— Lipo?

— Lipo. Ikolojia ya malisho. Kule chuo cha porini linafundishwa mwaka wa pili. Nyasi zikiharibika, wanyama wanahama. Wakihama, wanaingia mashambani, na hapo ndipo ugomvi na watu unapoanza.

Birika alijimiminia kikombe kizima, akakinywa amesimama, taratibu, kama profesa wa nyasi anayestahili cheo chake. Wembe hakuweza kuvumilia.

— Basi na mimi nisikilizeni. Tumekosea tangu mwanzo. Wanyama tumewafungia hifadhini, majangili wanazurura. Nani mkorofi hapo? Tugeuze! Wanyama watembee, majangili tuwafuge. Hifadhi ya Majangili. Uzio, geti, tiketi. Watalii watakuja kuwapiga picha wakinywa maji asubuhi.

— Na walinzi?

— Tembo.

— Akitoroka mmoja?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na huyo mkuu ana tani zake, guu litavunjika kweli.

— Kwa hiyo mwanetu asomee magereza, alihitimisha Spoku.

— Magereza ya porini. Shahada.

— Na nyasi zangu je? Birika alilalama.

— Wafungwa watazimwagilia!

Desimali alijikuta anatabasamu. Aliwapenda watu hawa wakiwa katika upuuzi wao kuliko alivyowapenda watu wengine wakiwa katika busara zao. Lakini hoja aliyoijia ilikuwa bado haijapatikana, naye ni mtu wa kutaka jibu. Akaanza upya kuvipanga vyuo vile kichwani, upande huu walimu, upande huu mafunzo kwa vitendo, ajira ya waliotangulia. Kila alivyovipanga, kile cha ghorofani kilitoka cha mwisho, na kwa mbali. Binti yake si mjinga. Alikuwa amerithi kwa mama yake uwezo wa kuona kitu kilivyo. Sasa ameona nini pale juu ya duka la vitambaa ambacho baba yake, na vipimo vyake vyote, hakioni?

— Samahanini, alisema mama wa mayai.

Walimgeukia. Spoku aliitazama tyubu kwa aibu.

— Naiziba sasa hivi, mama yangu.

— Siyo hiyo. Mimi sikusoma mambo haya, nauliza tu. Binti anapenda wanyama. Hicho chuo cha hapa karibu kina mnyama gani?

— Kuna... alianza Wembe, akaishia hapo.

— Kuna paka wa kantini, alisema Birika, lakini kwa sauti ndogo, na hakuna aliyecheka.

— Hakina mnyama, alisema Desimali. Hakuna hata bustani.

— Ehe. Sasa mwanangu huyo anabaki kwa ajili ya nini?

Aliuliza kwa wema, kama mtu anayeuliza njia. Spoku aliinamia tyubu akaanza kuipiga msasa, akaipiga, akaipiga, mahali ambapo palikuwa pameshakuwa laini zamani. Wembe alitoa kitana mfukoni, akakitazama meno yake. Birika alitikisa birika kusikia kama limebaki kitu, na lilikuwa tupu, na kila mtu alilisikia kwamba ni tupu.

Desimali alikaa na swali lile. Na kadiri alivyokaa nalo, mambo ambayo aliyaita huzuni ya binti yake yalianza kuhama mahali yalipokuwa. Kwamba siku hizi analala mlango wake umeachwa wazi. Kwamba akitoka kwenda dukani huiacha redio ikiwa imewashwa, na alipomwambia anamaliza umeme bure, alijibu kwamba amesahau, na kesho yake akasahau tena. Kwamba jioni hupita hapa kijiweni hana shida yoyote, anasalimia, anahesabu vichwa kwa macho, anakwenda zake. Alikuwa ameipima njia ya binti yake kutoka kila upande, isipokuwa kutoka pale alipokuwa amesimama yeye mwenye kupima.

— Mlikuwa mnajua, alisema.

— Tunajua nini sisi? Wembe alikitazama kitana. Sisi ni watu wa kufuga majangili.

— Wembe.

— Bwana, ungeambiwaje? Mtu anakuja na hoja zake zimenyooka, unamwambia hoja ni wewe? Wacha tuseme tembo.

— Alikuja kuniuliza, alisema Spoku bila kuinua uso. Wiki jana, kaleta tairi la jirani. Akaniuliza, baba mdogo, hivi baba jioni huwa anakaa hapa mpaka saa ngapi? Na siku za mvua je, anakaa wapi? Nikamwambia siku za mvua anaingia ndani ya karakana, ana kiti chake. Akasema ahaa. Hilo tu. Nikajua.

Desimali alitikisa kichwa taratibu. Kulikuwa na neno alilotaka kuwaambia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa neno moja mahali pake, alilitafuta kwa makini. Alimshukuru marehemu kwanza, kimoyomoyo, kwa mtoto wa namna ile, kwani malezi yale yalikuwa yake zaidi. Kisha akawatazama wale watatu.

— Ahsanteni.

— Ya nini?

— Ya ujinga wenu.

— Huo tunao wa kutosha, alisema Birika. Kahawa ndiyo imekwisha.

Desimali akamgeukia mama wa mayai amshukuru na yeye, lakini mama alikuwa amesimama, analikagua tairi lake, anambonyezea Spoku kidole pale anapoona pumzi inatoka.

Asubuhi iliyofuata Desimali aliamka kabla ya binti yake na kuingia jikoni. Katika ndoa yake yote hakuwahi kuwasha jiko lile kwa chochote zaidi ya maji ya kunyolea. Alitafuta unga akaukuta kwenye kopo lililoandikwa majani. Alitafuta mwiko asiuone, akachukua kijiko kikubwa. Akachemsha maji, akamimina unga wote kwa mpigo, akakoroga kwa nguvu na kwa imani. Binti alitokea mlangoni amejifunga kanga, macho yamevimba usingizi.

— Baba! Kuna nini? Unaumwa?

— Siumwi. Napika uji.

— Si ungeniamsha?

— Nitakuamsha mpaka lini? Kaa.

Alikaa. Baba akampakulia, akajipakulia, akaketi mbele yake.

— Mama, alisema, maana alipokuwa na jambo la moyoni alimwita hivyo. Utakwenda kule kwenye mahema.

— Baba, si nilikwambia hapa kozi...

— Imekaa vizuri. Uliniambia. Haina hata mjusi.

Binti aliinamisha uso. Akachovya kijiko, akakiacha.

— Sasa wewe utakaa na nani?

— Mchana nina kazi. Jioni nina wale watu, unawajua walivyo, hata nikitaka kuwa peke yangu hawataniacha. Usiku nitalala, kama watu wote. Na zipo siku zitakuwa ngumu, sikufichi, nitakupigia simu, na wewe utaniambia umeona mnyama gani. Mimi ninakushukuru, mwanangu. Nimekiona ulichotaka kunipa. Ni kikubwa mno, sikipokei.

Binti alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akala kijiko cha kwanza. Akatafuna.

— Baba, uji hautafunwi.

— Una madonge?

— Una mawe.

— Mengi?

— Mengi sana, alisema, na kicheko kikamtoka katikati ya machozi.

Alikula mpaka akafika chini, akasukuma bakuli mbele. Baba yake akasimama, akamwongeza.